Kidole Gumba cha Kaoma

Simu iliyotumbukia ziwani ndiyo iliyowakutanisha. Siku hiyo soko la Kashikishi lilifurika, mitumbwi ikishusha samaki na wachuuzi wakipigana vikumbo, na Priscille, kitenge cha njano kiunoni, vikapu viwili vya samaki wakavu mikononi, akasukumwa hadi kwenye meza ya fundi simu.

"Papa fundi, hii imekunywa mayi."

"Iache ilale hapa," alisema Ghislain, akimtazama yeye badala ya simu. "Weye utarudia kesho."

Alirudi kesho yake na keshokutwa, hata baada ya simu kupona.

Sasa mapenzi yao yalikuwa na miezi minane, na Ghislain alikuwa na ugonjwa mmoja tu: wivu. Aliwaonea wivu wavuvi, makondakta wa mabasi ya Mansa, hata mwuza barafu aliyemwita Priscille dada.

Alikuwa na kazi ya pili. Watu wa pande zote mbili za ziwa walimtumia picha za sarafu za zamani, naye aliamua daraja la kila moja kabla tajiri mmoja wa Lubumbashi hajamtuma mtu kuzinunua. Masharti yake yalijulikana: kitambaa cheusi, mwanga wa asubuhi kutoka ubavuni, na sarafu isisafishwe kamwe. Alitazama kwanza sehemu zilizoinuka, maana ndizo zinazotangulia kulika. Kwa miaka minne neno lake liliaminiwa. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kumiliki hata sarafu moja ya fedha. Zote zilipita kwenye kioo cha simu na kwenda zake.

Jumanne Priscille alimtumia picha mbili kutoka kisiwa cha Kilwa, humo humo ziwani, alikokwenda kununua samaki. "Faranga makumi tano ya 1944, sheri. Ni ya mutu moja huku. Iko muzuri?"

Ghislain aliikuza picha. Mikunjo yote ya sikio la tembo aliyechorwa juu yake ilionekana, pembe haijalika, na juu ya fedha ulitanda ule ukungu wa kijivu wa miaka themanini ambao hakuna fundi anayeweza kuutengeneza. Hakuwahi kuona nzuri kuliko hiyo. Kisha akaona imelala juu ya nini. Kiganja cha mwanamume, kipana, kidole gumba kina kovu la uzi wa nyavu. Na pembeni, ncha ya kitenge cha njano.

Alipiga simu.

"Mukono ya nani?"

"Mukono gani tena?"

"Yenye kushika ile feza."

"Ya Kaoma, mwenye mutumbwi. Feza ni yake. Alishika, mi nikapiga picha."

"Na ulikuwa karibu yake vile juu ya nini?"

Priscille alicheka. "Sheri yangu, nambie juu ya tembo."

Kicheko hicho ndicho kilichomchoma. "Tembo amechoka," alisema. "Sikio imekwisha. Ni daraja ya chini. Murudishie mwenyewe."

"Hakika? Mi naona kama iko muzuri."

"Fundi ni weye ao ni mi?"

Alikata simu. Hakuwahi kudanganya juu ya sarafu, na aibu ilimshika palepale, ila wivu ulikuwa na nguvu zaidi. Kwa siku tatu hakumpigia. Aliitazama ile picha asubuhi na jioni, wala hakumtazama tembo.

Ijumaa Priscille alisimama mbele ya meza yake, gauni la kijani, nywele zimesukwa upya, akamtilia kiganjani kifurushi cha kitambaa cheusi.

"Fungua."

Ilikuwa sarafu ile, inang'aa kama sufuria mpya.

"Nilimupa Kaoma vikapu vine vya samaki, akaniachia. Ni yako. Kila siku unaangalia feza ya batu, hauna hata moja ya kushika. Ulisema imechoka, ndo nikaisugua na majivu na ndimu, kama tunasuguaka basufuria ku mayi. Siku mbili, sheri."

Ukungu ulikuwa umekwenda. Sikio la tembo lilijaa mikwaruzo. Hasira hasara, na hasara yenyewe Ghislain alikuwa ameishika. Angeweza kunyamaza, na Priscille asingejua maisha yake yote. Lakini alikuwa amesimama pale, vidole vimechubuka kwa ndimu, akingoja asifiwe.

"Nilikudanganya," alisema. "Ilikuwa muzuri kupita zote nimeona. Niliona kidole ya Kaoma, roho ikaniuma. Kuisugua ndo kumeiharibu, na ni mi nilikufanyisha."

Priscille aliitazama sarafu, kisha akamtazama yeye. "Kaoma ana miaka makumi saba. Uliona mikunjo ya sikio ya tembo, ile ya mukono haukuiona?"

Akaondoka. Kwa wiki mbili hakupokea simu.

Ndipo Ghislain alipofanya kama wanavyofanya watu wa hapa: alimtuma mshenga, mzee Rodwell, nyumbani kwa akina Priscille mjini Nchelenge na sahani mbili nyeupe zilizofunikana. Wengine huweka noti katikati yake. Yeye aliweka sarafu iliyoharibika. Msichana akikichukua kilichomo, amekubali.

Saa tisa alasiri ilifika picha: sahani zote mbili, tupu. Simu ikalia.

"Umeangalia muzuri?" aliuliza Priscille. "Hapana mukono ya mutu?"

"Hapana."

"Basi kuya huku uangalie na macho. Ku picha weye haujui kuangalia."

Alifunga meza na kukimbia hadi kwa akina Priscille. Uani, kwenye kiti cha wageni, alikaa mzee mmoja akila samaki. Priscille alikuwa amemwita kwa makusudi. Mzee alifuta mkono wake, akaunyoosha. Kovu lilikuwa pale kwenye kidole gumba.

Priscille alikuwa mlangoni, sarafu mkononi, akitazama atafanyaje.

Ghislain akapiga goti, akaupokea mkono wa Kaoma kwa mikono yake miwili.