Picha Elfu Tatu za Tluway

Picha ilizidi moja.

Dorkasi alihesabu upya, kidole kwenye kioo cha kompyuta, mtoto mgongoni. Mumewe Tluway, dereva wa watalii, aliondoka Jumapili kwenda Endulen akiwa ameshahamisha picha zote kutoka kwenye kamera na kuandika idadi yake kwenye kikaratasi: elfu tatu mia moja na nne. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mtumba, inakoroma kama mzee mwenye pumu, na fundi alishasema haimalizi mwezi.

"Zichome zote kwenye CD, seti mbili," Tluway alikuwa ameagiza. "Moja ibaki hapa, nyingine mpelekee mama kule Endabash. Nyumba ikiungua, angalau Qamara atajua alizaliwa na sura gani."

Ulikuwa mwaka ule wa mgao, umeme unakuja saa tatu asubuhi, saa nane umeshakatika, kwa hiyo Dorkasi alichoma mbiombio. Jumatatu seti ya kwanza, CD tano, aliifunga kwenye kopo la biskuti akampa kondakta wa basi la Endabash. Jumanne akachoma ya pili, akahesabu. Elfu tatu mia moja na tano.

Iliyozidi aliikuta kati ya picha za chemchemi, ile iliyoko juu kwenye mpaka wa msitu. Mwanamke amesimama ndani ya maji, yamemfika magotini, kaipa kamera mgongo, nywele zimelowa.

Jirani yake Evarista alikuwa amekuja kuazima pasi ya mkaa. Akainama, akatazama, akaguna.

"Mdogo wangu, ulidhani anapiga picha za faru tu?"

"Dada Evarista, acha."

"Niache nini? Dereva, kamera ya kupewa na mzungu, mwanamke anaoga. Unataka nikuchoree?"

Dorkasi alimpigia mumewe simu mara sita ndipo ikashika.

"Baba Qamara, huyu mwanamke wa kwenye maji ni nani?"

"Mwanamke gani? Pale nilikuwa peke yangu. Tena mama alishanikataza kupiga picha pale, nikamwona ana mambo ya kizamani."

"Usinifanye mtoto."

"Haki ya Mungu, mama Qam..." Mtandao ukakata.

Anadanganya, alisema Dorkasi moyoni, na Jumatano umeme uliporudi alichoma tena, makusudi, apate ushahidi wa kumwekea mezani. Zikawa kumi zaidi. Mwanamke sasa alikuwa kwenye geti la shamba la kahawa, kisha nyuma ya wanakwaya siku ya harusi yao, kisha kwenye njia ya kuingia nyumbani kwao, na kila mahali kageuka mgongo, na kila mahali ardhi ya miguuni pake imelowa, hata zile picha za kiangazi. Chumbani kulianza kunuka tope, lile tope jeusi la chini kabisa ya maji. Akakagua ndoo ya maji kama inavuja. Ndoo ilikuwa kavu.

Halafu akafika kwenye picha aliyoipiga yeye mwenyewe kwa mkono wake, Qamara wa siku nne amelala kitandani, siku ambayo Tluway alikuwa kazini na mlango alikuwa ameufunga kwa komeo, hakuna binadamu mwingine humo ndani, na pembeni ya kitanda palepale alikuwa amekaa yule mwanamke, mkono wake umelala juu ya shuka ya mtoto, na safari hii hakuwa amegeuka mgongo wote, alikuwa ameanza kugeuza shingo, shavu moja linaonekana, jeupe, limevimba kama la kitu kilichokaa majini muda mrefu, na Dorkasi alipopeleka mkono kwenye godoro lake, upande uleule, godoro lilikuwa chapachapa.

Alimpigia mama mkwe, Leonida.

"Shikamoo mama, mama naomba unisikilize, Tluway aliipiga picha chemchemi, na kuna mtu ndani ya picha, anasogea, mama, yuko karibu na mtoto!"

Leonida akajibu kwa sauti ya chini sana: "Nilimwambia. Sisi maji yale hatuchoti bila kuomba, na aliyekosea anarudisha alichochukua, chote, palepale. Likibaki tone nyumbani kwako, mwenye maji analifuata. Na hafuati mkubwa."

"Nifanye nini?"

"Rudisha. Usibakize hata kimoja. Mtoto mlete kwangu, asilale hapo."

Evarista hakutania tena. Alimfunga Qamara kwenye kanga akapanda naye basi la Endabash. Dorkasi akakusanya CD zote, akaling'oa boksi la kompyuta, akalifunga mgongoni, pale alipozoea kulala mwanawe, akapanda mlima ndani ya ukungu akilia, maana humo ndimo ilimokuwa siku ya kuzaliwa Qamara, jino lake la kwanza, kila kitu. Alivitupa vyote kwenye chemchemi. Maji yakameza bila kishindo.

Aliporudi, nyumba haikunuka. Godoro lilikuwa kavu. Akacheka peke yake kama kichaa, akapiga simu Endabash.

"Mama, nimerudisha vyote!"

"Afadhali, mwanangu. Evarista ameshapanda basi kurudi. Mtoto nimemlaza chumbani kwangu." Leonida akakumbuka jambo. "Lakini hebu niambie, lile kopo la biskuti ulilonitumia Jumatatu, uliweka nini? Nimelisukuma chini ya kitanda, naona linavuja maji."

Seti ya kwanza! Dorkasi alikuwa ameisahau. Kwenye simu, mbali kidogo, alimsikia Qamara akicheka, kile kicheko chake cha kunyanyuliwa juu.

"Mama... nani amembeba mtoto?"

"Hakuna mtu, mwanangu. Mimi niko nje, nimekaa kwenye jiwe."