Ramani Isiyokuwa na Ouma

Kila asubuhi kabla ya shule, Aloo alibeba mtungi wake wa plastiki akateremka kisimani, nyuma ya vyoo vya kichochoro chao mtaani Obunga. Zamani aliandamana na mdogo wake Ouma, aliyebeba kikopo na kumwaga nusu ya maji njiani. Mvua za masika zilipoleta mafuriko, Ouma aliharisha hadi macho yakaingia ndani, akafariki kabla ya kufikishwa hospitalini. Hata sasa Aloo alijikuta akisimama njiani kumngoja.

Kwa huruma, majirani waliacha kumwita mama yake Mama Ouma. Sasa alikuwa Mama Aloo. Jina la yule mtoto halikutajwa nyumbani, maana mama alipolisikia aliacha hata sufuria motoni akaenda kulia.

Jumamosi moja alikuja Madam Zeituni, mtafiti wa chuo kikuu. Alieleza kuwa jiji la Kisumu linapanuka, na kwamba yeye na wenzake wanapita nyumba kwa nyumba ili waishauri serikali ya kaunti mabomba mapya ya maji yaanzie wapi.

"Mama yuko?" aliuliza.

"Yuko ndani, Madam, anapika omena. Niulize mimi tu."

"Haya. Kuna mtoto wa hapa aliyeharisha au kufariki mwaka huu?"

Ndani, mwiko ukanyamaza. Aloo alimwonea mama yake uchungu.

"Hakuna," akajibu upesi. "Sisi tuko sawa."

Nyumba zilizofuata zilijibu vivyo hivyo. Nani angependa kumweleza mgeni mambo kama hayo?

Baadaye watu waliitwa kanisani kuonyeshwa matokeo. Ramani kubwa ilikuwa imebandikwa ukutani, na alama nyekundu zilionyesha nyumba zilizopata wagonjwa. Mstari wa bomba ulielekea huko. Kichochoro cha kina Aloo hakikuwa na alama hata moja. Aloo aliitazama nyumba yao pale ukutani, nyeupe pe, kana kwamba Ouma hakuwahi kuzaliwa. Akashindwa kuvumilia.

"Madam, hiyo ramani si kweli," alisema huku akilia. "Kwetu alikuwako Ouma. Nilikudanganya. Sikutaka mama alie."

Mama akainuka polepole, leso mdomoni. Aloo alijua atagombezwa.

"Alikunywa maji ya kile kisima," mama akasema. "Mimi mwenyewe ndiye niliyempa."

"Hata wangu aliugua, Madam," akasema Jentrix, jirani yao. "Tuliona haya."

Akasimama mwingine, kisha mwingine. Madam Zeituni alivua miwani akafuta macho.

"Poleni sana," akasema. "Tutarudi kuuliza upya."

Walirudi kweli, na ramani ikachorwa upya. Mwaka uliofuata bomba lilifika kichochoroni, kisima kikafunikwa. Siku ya kulifungua, Madam Zeituni aliita, "Mama Aloo, njoo uwe wa kwanza kuchota."

"Mimi ni Mama Ouma," mama alijibu.

Alikuja na kile kikopo cha Ouma. Kilipojaa, alimgeukia binti yake.

"Nyathina, mtoto wangu, tulificha uchungu wetu tukidhani tunajikinga. Kumbe ugonjwa ukifichwa, unamfuata mtoto wa mwenzako. Siku nyingine ukiulizwa, sema ukweli, hata kama mimi nitalia."

Kisha akalia, na Aloo akasimama naye pale bombani hadi alipomaliza.