Draiva Niliyoiweka Jumapili

Kila nikitoka shuleni kazi zangu ni zilezile: kukata majani ya ng'ombe, kuteka maji, kisha kumenya ndizi za jioni. Kwetu Kilema, mwezi wa saba, kila mtu hutafuta sababu ya kuingia jikoni, maana baridi haina adabu na moto wa Mama uko huko. Hata dada yangu Victoria, anayesomea uchoraji wa ramani za majengo chuoni Moshi mjini, alikuwa amehamishia laptop yake jikoni wakati wa likizo. Mama mwenyewe ndiye aliyemwita. "Njoo uote moto, vidole visije vikaganda," alimwambia.

Victoria alikuwa na kazi ya mwisho ya chuo: ramani ya zahanati, ichorwe hadi mtu avione vyumba kana kwamba amesimama ndani. Ilitakiwa Ijumaa. Asipoipeleka, angerudia mwaka mzima.

Jumapili alipokwenda misa ya pili, niliifungua laptop hiyo. Nilikuwa na ruhusa ya kusomea masomo yangu tu, lakini siku hiyo nilitaka mchezo wa mbio za magari. Mchezo ukagoma. Yakatokea maandishi kwamba draiva ya picha, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuchora vitu kwenye kioo, imepitwa na wakati. Nikaingia kwenye tovuti ya kwanza niliyoiona, nikapakua draiva mpya, nikabonyeza kubali, kubali, kubali. Sikusoma hata neno moja. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha, na mchezo ukazidi kugoma. Nikaufuta, nikafunga kifuniko, nikaenda kukata majani kama mtoto mwema.

Jioni Victoria aliifungua ramani yake. Alipojaribu kuizungusha, ukuta mmoja tu ulichukua dakika nzima kutokea.

"Mbona leo inatambaa hivi?" alilalamika.

Mama aliutazama moshi wa kuni, akaitazama laptop. "Ni huu moshi wangu," alisema taratibu. "Mimi ndiye niliyekuita huku. Nisamehe, mwanangu."

Mama yangu, ambaye nusu ya kijiji humwamkia, alikuwa anamwomba binti yake msamaha kwa kosa langu! Ndizi niliyokuwa nikiimenya ilinitoka mkononi. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, lakini sikusema kitu. Wala Jumatatu sikusema, wala Jumanne.

Jumatano nilimsindikiza Victoria kwa fundi Thadeus, mwenye kibanda karibu na soko.

"Shikamoo, fundi," nilimsalimia.

"Marahaba. Haya, leteni mgonjwa."

Aliifungua laptop, akapuliza vumbi kwenye feni, akapima joto. Kisha akakuna kidevu. "Joto ni la kawaida, kwa hiyo si moshi. Lakini prosesa, huu ubongo wake, inatakiwa ifike kasi ya gigahezi tatu, nayo imeganda kwenye sifuri nukta nane. Upande wa picha nao umelala. Ni kama gari lililokwama gia ya kwanza. Kuna kitu kimewekwa humu karibuni?"

"Hapana, fundi," Victoria alijibu.

Nami nilikuwa nimesimama palepale, nimeshika mkoba wake.

"Ningekijua kilichoibana, ningekitoa sasa hivi," alisema Thadeus. "Kwa kuwa hatukijui, itabidi nifute kila kitu nianze upya. Kahamishie michoro yako kwenye flashi, uniletee kesho. Kurudisha programu zako zote kutachukua siku mbili."

Siku mbili zingetufikisha Jumamosi. Victoria alilia njia nzima, nami nilitembea nyuma yake ili nisiuone uso wake.

Tulipofika nilikwenda mpakani mwa kihamba chetu, shamba la migomba linaloizunguka nyumba, nikachuma jani la sale na kulipiga fundo. Kwetu Uchagani, aliyekosewa akiletewa sale, hawezi kukataa kusamehe. Nililiweka juu ya laptop, nikajificha nyuma ya mlango. Nilitaka msamaha uje wenyewe, bila mimi kufungua mdomo. Ujanja wa kijinga!

"Nani kaleta sale?" Victoria aliuliza.

Mama aliiona miguu yangu. "Mektrida, toka hapo."

"Dada, nisamehe," nilinong'ona.

"Kwa sale siwezi kukataa. Nimekusamehe. Ila nimekusamehe nini?"

Nikalionyesha lile sale kwa kidole.

"Sale linaomba msamaha," Mama alisema. "Halisemi kosa. Kosa unalisema wewe, kwa mdomo wako."

Nikasema yote, tangu mchezo wa magari hadi kubali ya tatu. Nilidhani Victoria atanizaba kofi. Badala yake alimpigia fundi simu.

"Draiva ya picha?" Thadeus aling'aka. "Aisee, mngeniambia mchana! Irudishe ile ya zamani, bado imo humohumo. Halafu uiwashe upya."

Alimwelekeza hatua kwa hatua. Laptop ilipowaka tuliziangalia namba za kasi zikipanda: moja nukta sita, mbili nukta nne, mbili nukta tisa. Ramani ikazunguka bila kukwama. Victoria alinitazama. "Siku tatu, Mektrida. Ulikuwa unaniangalia tu." Akainamia kazi yake, na jioni ile hakunisemesha tena.

Ijumaa aliikabidhi kazi yake saa moja kabla ya muda kwisha. Tulifurahi sana, lakini furaha yangu haikutulia. Nilimfuata Mama zizini alikokuwa akikamua maziwa.

"Mama, hata wewe nisamehe. Nilikuacha uombe msamaha kwa kosa langu."

Hakugeuka. "Nililibeba kosa hilo siku tatu, na kumbe si langu," alisema. "Hata hivyo usingizi nilipata. Wewe je, ulipata?"

"Hapana, Mama."

"Basi umejionea. Kukosea kunampata kila mtu, mwanangu. Lakini ukilificha kosa, anayetaka kukusaidia hajui pa kuanzia, na mzigo unamwangukia asiyehusika. Siku nyingine ukiharibu kitu, sema siku hiyohiyo, na useme chote ulichofanya." Ndipo akageuka, akanishika bega kwa mkono wake wenye maziwa. "Nimekusamehe. Leo nenda kalale."