Moshi wa Zebaki Nyumbani kwa Valerian

Valerian alikuwa sonara pale Segese. Asubuhi, mkewe Euphrasia alipokuwa akikoroga uji, yeye alikuwa tayari ameinama mezani pake akifua dhahabu. Alitengeneza pete za ndoa, hereni, na mikufu myembamba kama uzi. Watu walikuja hata kutoka Tinde kumletea kazi.

Dhahabu aliinunua kwa wachimbaji wadogo wa Rwamgasa. Walimletea ikiwa bado imeshikana na zebaki, yale majimaji mazito yanayong'aa kama fedha, ambayo hunasa chembe za dhahabu kwenye mchanga. Valerian aliliweka bonge hilo kwenye kikaango, akalichoma kwa jiko la mkaa, humo humo chumbani. Dirisha alilifunga, maana mali haionyeshwi wapita njia. Zebaki ilipotea, dhahabu ikabaki. Chumbani humo ndimo alimolala mtoto wao, Nasibu.

Mwaka ule, mvua zilipokwisha, mikono ya Valerian ilianza kutetemeka. Kwanza kidogo, kama ya mtu mwenye njaa. Baadaye akawa anamwaga uji kabla kijiko hakijafika mdomoni. Fizi zilimvimba. Alisahau maneno ya jana, akakasirika bila sababu. Nasibu naye alianza kukataa chakula.

Valerian akaenda kwa mganga. Aliporudi hakumtazama mtu usoni.

"Amesema nini?" Euphrasia aliuliza.

"Adui yumo humu ndani. Macho yake mekundu."

Mwenye macho mekundu nyumbani mle alikuwa mmoja tu: Bibi Generosa, shangazi yake Valerian, aliyemlea tangu mama yake alipofariki.

"Baba Nasibu, huyo ndiye mama yako."

"Kesho aondoke."

Bibi Generosa alisikia. Hakulia, wala hakujitetea. Kulipokucha alifunga nguo zake kwenye kanga, akaketi mlangoni. Euphrasia alijua, kama wote walivyojua, kwamba bibi kizee anayefukuzwa kwa kudhaniwa mchawi hafiki mbali. Walikuwapo waliokatwa mapanga kwa ajili ya rangi ya macho yao.

"Mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "ukitoka, tunatoka wote." Akambeba Nasibu mgongoni, akaketi kando yake.

Wakiwa wamekaa hivyo, alifika Altaf, sonara wa Shinyanga mjini aliyemfundisha Valerian kazi. Alifuata hereni za harusi ya binti yake.

"Shikamoo, mzee Altaf."

"Marahaba, Mama Nasibu. Mbona mmekaa na mzigo mlangoni?"

Euphrasia alimweleza yote. Altaf akaingia ndani. Valerian alimpa hereni, zikagongana kwenye kiganja chake kilichotetemeka. Altaf alikitazama kiganja, kisha jiko, kisha kitanda cha mtoto.

"Unachomea humu?"

"Ndiyo, fundi."

Altaf aliketi taratibu. "Mikono ya marehemu baba yangu, mzee Rajabali, ilitetemeka hivi hivi. Tulidhani ni uzee. Daktari alipotueleza, tulikuwa tumechelewa. Valerian, unavuta sumu."

"Mbona sisikii harufu yoyote?"

"Haina harufu, na mvuke wake huuoni. Zebaki ikipata moto haipotei, inakuwa hewa. Unaivuta wewe, anaivuta mkeo, anaivuta mtoto usingizini. Inaganda ukutani na kwenye nguo. Inaharibu mishipa ya fahamu. Hata dhahabu unayodhani imeshasafika, ndani imebaki zebaki kidogo. Ukiiyeyusha, inatoka tena."

Valerian aliuliza kwa sauti ndogo, "Na macho ya shangazi?"

Euphrasia ndiye aliyejibu, amesimama mlangoni. "Moshi wa kuni, Baba Nasibu. Macho hayo yaliharibika akikupikia wewe."

Valerian alitoka nje. Alipiga magoti mbele ya shangazi yake.

"Nenda hospitali kwanza," Bibi Generosa alisema. "Mengine baadaye."

Altaf aliwapeleka wote mjini. Daktari aliwapima, akawapa dawa. Lakini alisema dawa haitafaa kitu kama wataendelea kuvuta mvuke ule.

Basi wakabadili mambo. Altaf aliwapa chombo cha chuma chenye kifuniko cha kukaza na bomba refu. Bonge linawekwa ndani na kufungwa. Mvuke unapita kwenye bomba lililozungushiwa kitambaa kibichi, unapoa, na zebaki inadondokea kwenye bakuli la maji.

"Ncha ya bomba isizame majini," Altaf alionya. "Chombo kikianza kupoa kitayavuta maji, na kinaweza kupasuka. Wala usikifungue kikiwa bado cha moto."

Kazi hiyo ilihamia nje, penye upepo, mbali na nyumba na kisima. Kuyeyusha nako kulihamia huko huko. Kikaango cha zamani hakikurudi jikoni. Walikwangua udongo wa sakafu na kuta za chumba, wakaufukia mbali. Nguo za kazi zilifuliwa peke yake.

Lakini neno la uchawi lilikuwa limeshatoka, na majirani walinong'ona. Siku ya gulio Valerian alisimama mbele ya watu. "Nilimwita shangazi yangu mchawi," alisema. "Nilimsingizia. Kilichoniumiza ni moshi wa zebaki niliyoichoma mimi mwenyewe. Atakayemgusa, aniguse mimi kwanza."

Nasibu alirudi kula. Mikono ya Valerian ilitulia polepole, ingawa mikufu myembamba hakuiweza tena. Alibaki na kazi ya pete. Bibi Generosa alikaa muda mrefu bila kuzungumza naye sana, na Valerian hakumlaumu.

Wachimbaji walianza kuja kuomba kuchomea dhahabu kwenye chombo kile. Watoto na akina mama walikusanyika kutazama. Bibi Generosa alisimama mbele yao na fimbo yake.

"Rudini nyuma," aliwaambia. "Na wewe, mama mwenye mimba, ondoka hapo, sumu hii humfikia hata aliye tumboni."

Nao walimtii, wakarudi nyuma.