Kibuyu cha Ngowa

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya minazi ya kijiji cha Ganda na Kache alikuwa bado hajaanua nguo. Akatoka na karai kiunoni, akijisuta, maana siku hizi kazi ya dakika chache ilimchukua mchana kutwa. Alianza jambo, akaliacha, akasimama mlangoni, akarudi ndani, asiketi. Mjane ndivyo alivyo, watu walisema. Watu nao! Kama wanajua wao.

Kamba ya nguo ilifungwa kwenye mnazi mrefu kuliko yote pale bomani. Mnazi huo ndio uliomuua mumewe.

Ngowa alikuwa mgema, tena mgema wa kusifiwa. Alipanda minazi tangu utotoni, na siku moja ya mvua mguu ukateleza kwenye mikato ya kukanyagia, basi, ikawa hivyo. Matanga yalipokwisha, mavyaa yake Kache, bi Kabibi, alimwita pembeni.

"Mwanangu, vibuyu vya mgema aliyekufa hushushwa vyote," alimwambia. "Kimoja kikibaki juu, mwenyewe hujiona bado ana kazi."

Kache akaitikia. Vibuyu vya kukingia tembo vikashushwa minazini, isipokuwa kile cha mnazi mrefu. Hicho alikikatalia katakata. Alidai hataki mtu mwingine aanguke. Uongo mtupu! Ukweli ni kwamba kila alipoinua macho akakiona kinaning'inia kwenye makuti, moyo ulimwambia boma bado lina mwenyewe. Alimpenda yule bwana, jamani, na hakuwa tayari kumwacha.

Sasa alikuwepo Kalama. Huyu naye mgema, wa boma la jirani, mpole, asiye na makuu. Ndiye aliyeigema minazi mingine ya Kache, wakigawana tembo nusu kwa nusu, na ndiye aliyemfanya acheke tena siku moja bila yeye kutarajia. Alishatamka kwamba anataka kumwoa. Kache alitaka, tena sana. Lakini Kalama alisema hataingia nyumba ambayo juu yake kinaning'inia kibuyu cha mwanamume mwingine. Jioni hiyo angekuja kukishusha, na ndiyo maana mtoto, Kadii, alipelekwa kwa bibi yake mapema.

Kache akavuta leso ya kwanza kutoka kwenye kamba.

To!

Tone likamwangukia begani. Akaligusa, akanusa. Tembo... tamu, la sasa hivi.

Haiwezekani! Karara la mnazi, lile la maua linalotoa tembo, lisipochongwa siku chache tu hukauka, na lile halikuguswa tangu Ngowa azikwe. Hilo hata watoto wa huko wanalijua.

To!

Kisha huko juu akasikia kisu cha mgema kikichonga karara, polepole, bila haraka yoyote. Shwaa... shwaa...

"Kalama?" aliita. "Ushapanda bila hata kubisha hodi?"

Kuchonga kukakoma.

Wagema wana adabu yao. Mtu akiwa juu ya mnazi huona mpaka ndani ya bafu za makuti, kwa hiyo hupaza sauti ili wanawake walio chini wajisitiri. Kila mgema ana namna yake ya kuita. Ngowa, kwa utani wake, alikuwa na mwito wa mkewe peke yake.

"Mama Kadii..." Sauti ilishuka kutoka kwenye makuti, kavu, kama ya mtu asiyekunywa maji siku nyingi. "Mama Kadii... jifunike."

Karai likamponyoka.

"Hodi hapa!"

Kache akageuka. Kalama huyo, njiani, kisu kiunoni, anatabasamu. Ndiyo kwanza anafika.

"Mbona karai liko chini?"

"Usipande," Kache alinong'ona. "Nakuomba, Kalama. Si leo."

"Si leo, si kesho. Mpaka lini?" Hakukasirika. Alichoka tu. Akavua viatu, akaushika mnazi. "Nikishuka bila kile kibuyu, Kache, sirudi tena hapa."

Akapanda. Kache alitaka kupiga kelele, akaishia kuikunja ile leso mkononi. Kalama alipofika katikati, makuti ya juu yakatikisika, ilhali hapakuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti. Kitu kikainama kutoka kileleni, kikamtazama anayepanda.

Hapo ndipo sauti ilipomtoka.

"Baba Kadii! Usimguse! Mimi ndiye niliyekuweka huko juu, si yeye! Mama yako alinionya, nikakataa. Sikuweza kukuacha uende, sikuweza!" Alilia mpaka kamasi zikamtoka, wala hakujifuta. "Umechoka. Kazi imekwisha. Shuka!"

Makuti yakatulia.

Kisha... miguu. Miguu mitupu ikishuka kwenye mikato, mmoja, halafu mwingine. Vumbi la magome likamwagika. Kalama akaukumbatia mnazi, akafumba macho. Kache akaliona bega la Kalama likididimia, kama limekanyagwa.

Mchanga ukalia chini ya mnazi. Harufu ya jasho la Ngowa ikampita Kache usoni, karibu sana, akatamani kuikumbatia. Mungu amsamehe, alitamani.

Nyayo zikatembea. Alidhani zitakwenda makaburini, nyuma ya boma. Hazikwenda huko.

Zikaelekea mlangoni.

Kalama alishuka na kibuyu, akakipindua. Kikatoa vumbi na nyigu wakavu. Begani alikuwa na alama nyekundu, akasema kachubuliwa na mnazi, ingawa midomo ilimcheza alipokuwa akisema.

"Basi, yamekwisha," alisema. "Sasa naweza kuingia?"

"Ningojee hapo kwanza."

Kache aliingia chumbani peke yake, gizani. Alimwambia Ngowa ashuke. Hakumwambia aende wapi. Na mgema akishuka mnazini jioni, huenda wapi kama si kwake?

Kitanda kilikuwa kimebonyea upande wa ukutani, upande wa Ngowa. Kache akaketi upande wake mwenyewe.

"Baba Kadii," alinong'ona. "Nakupenda. Na ninaolewa. Nenda ukapumzike sasa."

Godoro likainuka taratibu. Kache akashusha pumzi.

"Kache!" Kalama aliita kutoka nje. "Niingie?"

Godoro likabonyea tena, karibu naye zaidi.