Kicheko Kilichotangulia Kofi

Kicheko kilitangulia. Bwana Makeke alikuwa bado anavua koti, mkewe bado ameinamia meza na sinia la chai, hakuna aliyesema neno la kuchekesha, na tayari mwanamke mmoja kati ya watazamaji alikuwa anacheka. Ndipo Makeke akageuka, mkono ukaenda, kofi likalia, na ukumbi mzima ukaangua kicheko ukimfuata yule wa kwanza.

Mhariri wa sauti alisimamisha picha. Kazini walimwita Hebu, kwa kuwa neno lake la kila saa lilikuwa "Hebu rudisha hapo." Alirudisha. Kicheko kile kile: chembamba, kinapanda kwa pupa, kinaishia kwa mluzi mdogo wa pumzi kama wa mgonjwa wa pumu. Akakikata, akakisogeza, akakiweka mahali pake, baada ya kofi. Akasikiliza tena. Kilikuwa kimerudi kabla ya kofi, na chumbani mlikuwa na harufu ya vumbi lililoungua juu ya chuma cha moto.

"Kanda imevutika," alijiambia. Kanda za zamani huvutika kama mpira wa soksi. Lakini alivua hedifoni, akaziweka mbali kidogo na mkono wake.

Mkuu wa vipindi aliingia bila kubisha, amechangamka.

"Dada, tangu tukirudishe hewani kipindi, simu haziishi! Watu wazima wanalia. Wanasema *Kwa Bwana Makeke* ndicho kilichokuwa kipindi. Familia nzima sebuleni, hakuna matusi, hakuna aibu."

"Mtu anapigwa makofi kutoka mwanzo mpaka mwisho."

"Ni vichekesho, wewe nawe! Usituletee mambo ya chuo hapa. Halafu hicho kicheko kimefifia. Kipandishe."

Alikipandisha, meno yameumana. Yule mwanamke mwenye sinia alikuwa mama yake.

Makofi yale yalikuwa ya kweli. Mwongozaji alisema kofi la kuigiza halipendezi kwenye kamera, na mwigizaji wa Makeke, Mungu amrehemu, mkono wake haukuwa mwepesi. Sikio la kushoto la mama liliziba kabla kipindi hakijapata umri wa kutembea. Tangu utotoni Hebu alijua kwamba ukitaka kusikiwa na mama unakaa kuliani kwake. Mtaani hakuwa na jina jingine ila Mke wa Makeke. Wanaume wazima, watu na heshima zao, walimsalimia kwa kuinua kiganja hewani: "Chai iko wapi?" Kisha wakacheka. Naye aliinamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya kwenye mchezo, maana afanye nini?

Na bado kila jioni, kabla jua halijazama, mama alijifunga shali yake, akaketi mbele ya televisheni, akatazama.

"Mama, unaangalia nini humo?" Hebu alimuuliza siku moja. "Niambie, nielewe. Unaangalia nini?"

"Subiri. Anakuja na ufagio. Huyo! Unamwona yule mtumishi? Rafiki yangu yule. Amekufa." Mama alisogea karibu na kioo. "Ona anavyotembea, mgongo umenyooka kama askari. Nitamwona wapi tena akitembea, mwanangu?"

"Na makofi?"

"Yakija nafumba macho."

Hebu aligeukia dirishani. Alitazama nje. Ng'ambo ya barabara, Fundi Pindo, mshonaji, alikuwa ameburuta televisheni yake mpaka mlangoni pa kibanda, na mabenchi yalikuwa yamejaa. Walijua kila neno. Waliyasema pamoja na waigizaji, midomo ikicheza kama ya watu wasalio. Mmoja alikuwa na baba aliyekuwa akicheka kipindi hiki mpaka kofia inamdondoka, na sasa baba hayupo, lakini pale kofia inapopaswa kudondoka bado papo. Mwingine aliwahi kukaa hivi na dada zake wote, kabla hawajatawanyika. Hawakuwa watu wabaya. Laiti wangekuwa wabaya! Angewachukia akalala usingizi.

Kikombe kilipoanguka, televisheni ilikuwa imezimwa. Ilikuwa mchana, jua limejaa jikoni. Mama alikuwa anavuka mlango na kikombe mkononi, na kutoka kwenye kona ya kabati, pale ambapo hapatoshi hata paka kusimama, kikatoka kicheko chembamba, kikapanda, kikaishia kwa ule mluzi. Ndipo mama akajikwaa. Kikombe kikapasuka. Harufu ya vumbi lililoungua ikajaa jikoni.

Mama aliweka kiganja juu ya sikio lake la kushoto, lile lililokufa.

"Umekisikia?" alinong'ona.

"Nimekisikia, mama. Wewe umekisikiaje?"

"Kwa hili. Hili bovu. Tangu mrudishe kipindi halinyamazi." Macho yake hayakutoka kwenye kona. "Kinacheka kwanza. Halafu ndipo najikwaa. Kinacheka kwanza, halafu nakatwa na kisu. Mwanangu, sasa hivi kikicheka naogopa kupumua."

Jioni ile Hebu alikaa kuliani kwake, akamshika mkono, wakatazama pamoja. Kwenye kioo Makeke aliinua mkono, na mama akafumba macho kama kawaida yake, na kofi likalia, na watu wa ndani ya televisheni wakacheka na watu wa kwa Fundi Pindo wakacheka, na katikati ya vicheko hivyo vyote Hebu aliona kichwa cha mama yake kikienda upande, polepole, kama kinasukumwa na kitu kisichokuwa na haraka, na juu ya shavu lile lililokunjamana, mbele ya macho yake, ikachomoza alama nyekundu ya kidole, kisha ya pili, kisha kiganja kizima.

Mama hakulia. "Zima," alisema tu. Lakini Hebu alipozima, kicheko kiliendelea kidogo kabla ya kukoma.

Asubuhi alimtafuta Mzee Maiki, fundi sauti wa zamani aliyekitengeneza kipindi kile. Alimkuta barazani, mzee mwenye maungo makavu na sauti nene, aliyefurahi kupata mgeni wa fani.

"Kumbe ndiwe umekalia kiti changu! Kicheko umekisikia? Eh? Kitamu!"

"Ulikitoa wapi, mzee?"

"Watazamaji wa kwanza tuliowaalika walituangusha. Kofi la kwanza, ukumbi ukawa kama msiba. Hakuna aliyecheka. Mwongozaji akataka kulia." Aliinama, akashusha sauti. "Sasa sisi watu wa sauti, unajua, hurekodi ukimya."

Hebu alijua. Kila chumba kina ukimya wake. Unawatoa watu wote, unaacha mashine ichukue ule utupu, na baadaye unaziba nao mapengo kati ya maneno.

"Nikawatoa wote. Nikafunga milango. Mchana kweupe. Nikaurekodi ukimya wa ukumbi, na nilipousikiliza…" Aliinua kidole. "Ukumbi unacheka."

"Ukafanyaje?"

"Nifanyeje? Nikakitumia! Nilikiweka juu ya kofi kikaingia kama ufunguo kwenye kitasa chake. Watu wakikisikia nao wanacheka. Nchi nzima ilicheka kwa sababu yangu, binti."

"Hukuogopa?"

Mzee aligeuka kutazama nyuma yake. Kisha, kwa sauti ndogo, si ile nene yake: "Siku nilipojaribu kukipunguza. Kiliniambia, 'Ongeza.' Nikaongeza. Kilichozoea makofi hukibembelezi kwa kitu kingine. Kipindi kilipofungwa kikalala na njaa yake kwenye kanda. Ninyi ndio mmekiamsha."

"Mama yangu ndiye aliyekuwa akipigwa," Hebu alisema. "Yule mwenye sinia. Ni mama yangu."

Mzee Maiki aliangalia viatu vyake. "Alikuwa mwigizaji hodari," alisema.

Hebu aliondoka bila kuaga.

Sehemu ya Jumamosi ilikuwa ile ya harusi, ambayo mashabiki waliisubiri kuliko zote. Ndani yake Makeke anampiga mkewe mbele ya wageni, kisha shemeji anampiga, kisha wifi, kila mmoja kwa zamu yake. Hebu alimwomba mkuu wa vipindi aiondoe.

"Mama ataumia," alisema.

"Ataumia na kanda? Mama yako ni hazina ya taifa, dada. Acha watu wamfurahie."

Basi alijifungia chumbani mwake na ile kanda. Alirekodi ukimya wa chumba chake mwenyewe, akausikiliza mara mbili kuhakikisha kwamba hauna kitu ila feni, kisha akaanza kung'oa kicheko na kupanda ukimya ule mahali pake. Alipokata cha kwanza, kikacheka hedifonini. Alipokata cha pili, kikacheka nje ya hedifoni, nyuma ya kiti chake, na alipoendelea kukata kikasogea, kikamjia shingoni na pumzi yake ya vumbi la moto, kikimcheka kila kosa kabla hajalikosea, kikicheka ndipo kidole kinateleza, kikicheka ndipo mashine inazima, na yeye anawasha tena na kukata tena huku machozi yanamtiririka, si ya hofu peke yake, mpaka kikakoma kucheka na kumwambia, kwa sauti ya upole, karibu kabisa na sikio lake la kushoto, "Ongeza."

"Huli tena kwa mama yangu," Hebu alisema. "Huli. Kufa na njaa yako." Akakata cha mwisho, akapeleka kanda hewani.

Jioni ya Jumamosi aliketi kuliani kwa mama yake. Makeke aliingia na suti ya harusi. Mkono ukapanda. Mama akafumba macho.

Kofi likalia, halafu kukawa kimya.

Kilikuwa kimya kipana, kisicho na pa kujificha, na ndani yake ilisikika nyama ya kiganja ikigonga nyama ya shavu, na mwanamke kijana akivuta pumzi ili asilie. Mama alifumbua macho.

"Kumbe lilikuwa na sauti hivi," alisema. "Sikuwahi kulisikia."

Ng'ambo ya barabara mabenchi yalikuwa yametulia. Hebu alimsikia mwanamke mmoja akiuliza, "Hivi huyu anapigwa kweli?" Moyo wake ukaruka kwa furaha kali. Tazameni, alisema kimoyomoyo. Tazameni vizuri mlichokuwa mkikipenda.

Shemeji akapiga. Kimya. Shavu la mama lilikuwa safi. Mama aligusa sikio lake bovu, akatikisa kichwa polepole.

"Limenyamaza, mwanangu. Kimetoka."

Wifi alikuwa anakunja mikono ya gauni lake tayari kupiga. Ndipo mtu mmoja kwa Fundi Pindo akacheka.

Kilikuwa kicheko cha mwanamume, kinene, lakini kiliishia kwa mluzi. Akafuata mwingine. Kikahamia nyumba ya pili, kikaruka ukuta, kikaingia madirishani, na muda si muda mtaa mzima ulikuwa unacheka kicheko kimoja, wazee kwa vijana, kikipanda pamoja na kuishia pamoja, na Hebu akaona alama ya kidole ikianza kuchomoza shavuni mwa mama yake.

Alitoka mbio. Alivuka barabara hata bila viatu.

"Nyamazeni! Hamna haya? Nyamazeni!"

Walikuwa wameshikilia mabenchi kwa mikono miwili, kama watu walio kwenye gari linalokimbia. Midomo imepanuka. Macho yao yalikuwa yanalia. Fundi Pindo alisimama mbele yake, utepe wa kupimia umening'inia shingoni, machozi yanachuruzika mpaka kidevuni, na mdomo wake unacheka, unacheka tu.

"Si mimi, dada," alinong'ona katikati ya kicheko. "Wallahi si mimi ninayecheka. Nisaidie."

"Funga mdomo, Fundi."

"Siwezi."

"Funga mdomo!"

Hakujua kwamba ameinua mkono. Alichojua ni kwamba kiganja chake kilikuwa kinawaka moto na kichwa cha Fundi Pindo kimegeukia upande, na utepe umeanguka chini, na kwa muda mfupi mno mtaa wote ukanyamaza. Fundi alijishika shavu. Mdomo wake ulikuwa wake tena. Alimtazama Hebu kwa macho ya mtoto.

Kisha mabenchi yakalipuka. Walicheka kuliko walivyowahi kucheka, walicheka kwa miguu na kwa mikono, madirisha yakatetemeka, na harufu ya vumbi lililoungua ikaenea barabara nzima, tamu, nzito, kama ya jiko la mtu aliyeshiba.

Hebu aligeuka kumtafuta mama yake. Alikuwa amemfuata, amesimama kizingitini pa nyumba yao, shali imemporomoka begani. Kila kitu alikuwa amekiona. Hebu alipiga hatua kumwendea, mkono mbele, ule ule mkono uliokuwa bado unawaka, akitaka kumshika, akitaka kumwambia kwamba haikuwa yeye.

Mama aliinamisha kichwa, akafunika shavu, akafumba macho.