Wati Mia Tatu na Hamsini

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa blanketi. Asubuhi ya Jumanne, kabla ya kwenda shuleni, Jairo Odongo aliifunika jenereta mpya iliyokuwa barazani, akazikunja pembe za blanketi ndani ili vumbi la barabara ya Sirari lisipenye. Mkewe, Adero, alimtazama kupitia dirisha, akiwa kitandani, mrija wa oksijeni puani.

"Japuonj," alisema. Ndilo neno la Kijaluo la mwalimu, na yeye alimwita hivyo kwa utani tangu walipochumbiana. "Hiyo umeifunika kama mtoto mchanga. Mimi mbona huniulizi kama nasikia baridi?"

"Unasikia baridi?"

"Umeshachelewa." Alicheka, kicheko kikamletea kikohozi. "Utaiunganisha lini?"

"Swichi inafika Alhamisi kutoka Mwanza."

"Haya. Alhamisi si mbali."

Saa tano na dakika ishirini umeme ulikatika.

Mapafu ya Adero yalikuwa yamekakamaa kwa ugonjwa wa miaka mitatu, na mashine ya kukodi iliyokaa kando ya kitanda ndiyo iliyompa hewa. Wiki iliyotangulia, fundi Mseti alikuwa tayari kuiunganisha jenereta kwa waya wenye pini pande zote mbili, kama wanavyofanya wengi: pini moja kwenye jenereta, ya pili kwenye soketi ya ukutani, nyumba inawaka. Jairo, anayefundisha fizikia, alikataa. Umeme wa namna hiyo hurudi hadi kwenye nguzo na unaweza kumuua fundi wa laini anayeamini kuwa waya hauna kitu. Alitaka swichi ya chenjiova, ile inayochagua umeme wa nguzo au wa jenereta, na hairuhusu vyote viwili kwa pamoja. Alikuwa sahihi. Aliagiza pia jenereta isitiwe mafuta mpaka kazi ikamilike.

Mtungi wa oksijeni wa akiba ulidumu dakika arobaini. Jairo alifika nyumbani baada ya dakika hamsini.

Ilikuwa jioni, mwili umeshaondolewa, alipotambua kwamba mashine ile ingeweza kuchomekwa kwenye jenereta moja kwa moja, kwa waya wa mita kumi uliopitishwa dirishani, bila swichi na bila ukuta. Lita moja ya petroli ingetosha. Hakuna aliyemwambia hivyo, wala Mseti, ambaye siku zote za msiba alikaa akitazama viatu vyake.

Swichi ilifika Alhamisi. Adero alizikwa Jumamosi, kushoto mwa nyumba, kama ilivyo desturi ya watu wao.

Siku ya kumi baada ya mazishi Jairo alimwita Mseti amalize kazi. Swichi ilifungwa kwenye korido, na juu yake mita ndogo ya kuonyesha nyumba inatumia wati ngapi. Ikabaki fimbo ya shaba ya kupigilia ardhini.

"Hii ni lazima," alisema Mseti. "Umeme ukipotea njia ushukie huku, usimshukie mtu."

Jairo alikuwa ameazima kwa mhandisi mmoja wa Bomani kipimo cha ukinzani wa ardhi: namba ikiwa ndogo, umeme hushuka ardhini kwa urahisi. Kilikuwa kiangazi, ardhi imekauka. Karibu na jiko kipimo kilisoma omu tisini. Getini, sitini na nne. Kando ya kaburi kilisoma nane, kwa sababu Dorka, dada mkubwa wa marehemu, aliyetoka Migori kuja kumuuguza na kubaki kumlea mtoto, alikuwa akiimwagilia sementi maji asubuhi na jioni isipasuke.

"Hapa," alisema Jairo.

Mseti aliweka nyundo chini. "Hapo siwezi."

"Ni mita moja na nusu kutoka ukingoni."

"Hata zingekuwa kumi. Mwalimu, mimi Mkurya, wewe Mjaluo, lakini kwa hili hatuna ubishi. Nyumba haiunganishwi na kaburi."

"Naiunganisha na udongo wenye unyevu. Safari hii kitu kitafanywa kinavyotakiwa."

"Basi pigilia mwenyewe."

Alipigilia mwenyewe. Fimbo ilizama bila ubishi, na mapigo matatu ya mwisho hayakuhitajika.

Umeme ulikatika Jumatatu iliyofuata, saa kumi alasiri. Jairo aliwasha jenereta, akageuza swichi, taa zikawaka. Akasimama mbele ya mita kukagua. Friji, wati mia na ishirini. Taa tano, arobaini na tano. Televisheni, sitini. Jumla mia mbili ishirini na tano. Mita ilisoma mia tano sabini na tano.

Akazima taa. Akazima televisheni. Akachomoa friji. Hakukuwa na kitu kingine chochote kinachotumia umeme ndani ya nyumba ile, na mita ilibaki kwenye mia tatu na hamsini, tarakimu hazichezi. Hakuwa na haja ya kutafuta kifaa gani kinakula kiasi hicho. Kwa miezi minane alikuwa ameisoma namba hiyo kila asubuhi kwenye kibati cha mashine ya Adero.

Dorka alitokea jikoni, mikono ina unga. Alikuwa amejikunja kidogo, kama mtu anayepita mahali pa chini.

"Shem," alinong'ona. "Ile mashine si tulirudisha?"

"Tulirudisha siku ya pili baada ya mazishi."

"Sasa ni nini inapumua?"

Sauti ilitoka chumbani. Mkoromo mfupi, kimya, kisha mlio mrefu wa hewa inayopita mahali pembamba. Mkoromo, kimya, hewa. Jairo alifungua mlango, akakuta kitanda kilichotandikwa na sakafu tupu mahali mashine ilipokaa, na pale penye sakafu tupu sauti ilikuwa kubwa zaidi, nayo ilikuja na harufu ya mrija wa plastiki na ya mafuta ya mgando ambayo Adero alijipaka puani kwa siri, kwa sababu mumewe alimwambia hayafai kukaa karibu na oksijeni.

Dorka alikimbilia nje. Jairo aliketi kitandani. Hakuogopa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile alilia, akalia mpaka umeme wa nguzo uliporudi.

Baada ya hapo hakungoja umeme ukatike. Alirudi kutoka shuleni, akatia petroli, akageuza swichi. Binti yake Akech, mwenye miaka tisa, alimfuata chumbani na kulala upande wa mama yake, amefumba macho.

"Unafanya nini?" alimwuliza siku ya kwanza.

"Namsikiliza mama."

Hakumkataza. Alikuwa na mtu wa kusikiliza naye.

Wiki ya tatu Akech alianza kuhema. Alipanda ngazi nne za darasa lao akakaa chini. Jairo alimpeleka hospitali, akapigwa picha ya kifua, mapafu yakaonekana safi. Daktari alisema pengine ni huzuni. Siku hiyo hiyo alasiri, alipochukua galoni ya petroli, Dorka alisimama mlangoni.

"Hutapita."

"Dada, tafadhali."

"Mimi si dada yako, mimi ni shemeji yako, na leo utaniskia. Mseti anasema ni jini. Kwetu tunaita jachien, marehemu aliyeondoka na neno moyoni. Iite unavyotaka. Unailisha mtoto."

"Ni Adero. Adero hawezi kumdhuru Akech."

"Hata kama ni yeye!" Dorka alitazama mlango wa chumba, akaendelea kwa kunong'ona. "Nilikuwa naye hiyo dakika ya mwisho, wewe hukuwa. Alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Mtu anayetafuta pumzi haangalii anaichukua kwa nani."

Jairo aliweka galoni chini. Kwa siku nne hakuigusa jenereta, na siku hizo nne Akech alipanda ngazi vizuri, akala, akagombana na mama yake mkubwa kuhusu kuchana nywele. Jairo aliyaandika hayo kwenye daftari, kama anavyoandika matokeo ya jaribio, na alijua yanasema nini.

Siku ya tano mvua ya kwanza ilishuka na umeme ukakatika. Dorka alikuwa amekwenda sokoni. Jairo alikuwa barazani akisahihisha madaftari, na jenereta ilikuwa mbele yake, imefunikwa blanketi, haijawashwa, aliposikia sauti ile chumbani.

Aliingia koridoni na kuona mita inasoma mia tatu na hamsini ilhali hakuna chochote kinachozalisha umeme, akaona swichi imekaa upande wa jenereta, alikoigeuza mwenyewe kwa mazoea umeme ulipokatika, akasukuma mlango wa chumba na kumkuta Akech amelala chali mahali pa mama yake, midomo ina rangi ya wino, kifua chake kikishuka kila mara hewa ile ilipopanda na kungoja kila mara ile ilipongoja, na pumzi ya mtoto ikitoka kidogo kidogo kuelekea sakafu tupu, na kila ilipotoka haikurudi yote, na harufu ya mafuta ya mgando ilikuwa nzito kiasi kwamba aliihisi kwenye ulimi alipomwita mtoto kwa jina, akamtikisa, akambeba, na kichwa cha mtoto kikaanguka nyuma kwenye mkono wake bila kuamka.

Alirudi koridoni amembeba. Akaweka mkono kwenye swichi.

"Japuonj."

Ilitoka chumbani, taratibu, pumzi moja kwa kila neno.

"Alhamisi. Bado?"

Mkono wake ulikaa pale. Maneno yale ya Alhamisi waliyazungumza wao wawili tu. Hapakuwa na hasira katika sauti hiyo, wala shutuma. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeambiwa angoje, naye anangoja.

"Ilishapita, Adero," alisema. "Nilichelewa. Nisamehe."

Akaivuta swichi mpaka katikati, mahali ambapo haichagui chochote.

Sauti haikukatika mara moja. Ilipungua. Kimya kati ya pumzi na pumzi kilirefuka, na Jairo alikaa chini sakafuni na mtoto mapajani, akasikiliza, kwa sababu mara ya kwanza hakuwepo. Alihesabu kumi na saba. Baada ya pumzi ya kumi na saba alingoja, na iliyofuata ilikuwa ya Akech, akakohoa, akafumbua macho, akaomba maji.

Asubuhi iliyofuata Jairo aliing'oa fimbo. Ilitoka kwa shida, ikiwa na ukungu juu yake, kama kioo kilichopumuliwa. Akaipigilia upya karibu na jiko, kwenye changarawe, kazi ya saa mbili. Kipimo kilisoma omu tisini, ambazo hazikubaliki, akazikubali. Kisha akaenda barazani, akalitoa blanketi kwenye jenereta, akalikung'uta vumbi, akalitandika juu ya kaburi na kulikunja pembe zake.

"Unasikia baridi?" aliuliza.

Halafu akatafuta mawe manne, akaweka moja kwenye kila pembe ili blanketi lisiinuke, ingawa asubuhi hiyo hapakuwa na upepo.